Kinga Inapomgeukia Mwenyewe

Tangu Novemba 1999, Rais Daniel arap Moi alipotangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa, neno "kinga" limebeba mzigo mzito nchini Kenya. Hapa Kola, kaunti ya Machakos, pakisemwa kwamba kinga ya mzee fulani imepungua, wasikilizaji hawangoji maelezo: hukumu imekwisha kutolewa. Mimi ni mwanaisimu, wala si tabibu. Hata hivyo, naamini kwamba neno likitumiwa ovyo laweza kumdhuru mgonjwa.

Tuchukue mfano wa saratani sugu ya limfosaiti, yaani zile chembechembe nyeupe za damu ambazo ni askari wa mwili. Ugonjwa huu, ambao aghalabu huwapata wazee, hauambukizi wala hausababishwi na virusi vya UKIMWI. Askari huongezeka kwa idadi, lakini wengi wao hawajui vita. Kingamwili zifaazo huadimika, na mgonjwa hushikwa na nimonia mara kwa mara, au na mkanda wa jeshi. Majirani wakiuona mkanda huo, minong'ono huanza.

Ajabu ni kwamba kinga hiyo hiyo iliyoshindwa na adui wa nje yaweza kumgeukia mwenyewe. Katika kila wagonjwa 100, baina ya 5 na 10 hivi huharibiwa chembechembe nyekundu za damu na kingamwili zao wenyewe. Wahenga walinena: kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa hivyo, kusema kwamba kinga "imepungua" hakutoshi. Kinga hiyo "imevurugika". Tofauti hii si ya kamusi tu. Aambiwaye kwamba kinga imepungua hutafuta vidonge na mitishamba ya kuiongeza, ilhali damu inaposhambuliwa namna hiyo, daktari hutoa dawa za kuituliza. Isitoshe, chanjo zenye vijidudu hai, ambazo humfaa mtu mzima wa afya, zaweza kumhatarisha mgonjwa huyu.

Walimu wenzangu, hatuna budi kuifundisha tofauti hii darasani, nao wanafunzi waifikishe nyumbani. Ugonjwa huu mara nyingi hugunduliwa kwa kipimo cha kawaida cha kuhesabu chembechembe za damu, na wapo wanaoishi nao miaka mingi. Itakuwa aibu yetu ikiwa mzee atakikwepa kipimo hicho kwa kuliogopa neno.