Moto Haugusi Protoni

Katika shule nyingi, na yetu ikiwamo, somo la atomu huishia pale mwanafunzi anapoweza kusema bila kusita: protoni ina chaji chanya, elektroni ina chaji hasi, nyutroni haina chaji. Akisha kusema hivyo hupewa alama zake, naye hukaa. Mimi naona ya kuwa hapo ndipo somo lilipopaswa kuanza. Maana mtu akizijua hizo mbili kwa ishara zake tu, ya kujumlisha na ya kutoa, hudhani ni pacha waliovaa kanzu za rangi mbili. Sivyo hata kidogo, na asiyejua kwamba sivyo aweza kupata hasara ya fedha, tena hasara ya afya, ambayo ni kubwa zaidi.

Tazameni kwanza mahali zinapokaa. Protoni moja ina uzito wa elektroni 1,836 hivi. Protoni zote zimesongamana pamoja na nyutroni katika kiini, na kiini ni kidogo mno. Twaeni atomu ya dhahabu. Kama kiini chake kingekuwa ukubwa wa haragwe la sentimeta moja, basi atomu nzima ingekuwa na upana wa mita 200 hivi, yaani kama viwanja viwili vya mpira vilivyounganishwa kwa urefu. Katika nafasi yote hiyo zimo elektroni 79 tu. Wala hazizunguki kama sayari zizungukavyo jua, ingawa ndiyo picha iliyochorwa katika madaftari yetu yote. Tangu mwaka 1926, Schrödinger alipotoa hesabu yake, wataalamu wajua ya kuwa elektroni haina njia kama ya baiskeli; ina mahali ambapo huelekea kupatikana, na mahali ambapo hupatikana kwa nadra, mfano wa wingu.

Sasa angalieni jinsi zinavyoshikwa. Protoni zina chaji ya namna moja, kwa hiyo zachukiana, na kama zingeachwa zingetawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Kinachozizuia ni nguvu ya kiini, ambayo haifiki mbali lakini ni kali kupita zote. Elektroni za nje zimeshikwa kwa ulegevu. Kitana cha plastiki kikipita katika nywele kavu chatosha kuzihamisha. Jua likipiga vioo vya umeme vilivyo juu ya mapaa yetu hapa Juba, zaanza safari. Lakini kung'oa protoni katika kiini chahitaji nguvu mara laki kadhaa, hata kufika mara milioni moja, kuliko kung'oa elektroni ya nje. Ndiyo kusema kila kitu tukionacho kila siku, moto wa mkaa, kutu ya mabati, ugali kuiva, betri kufanya kazi, ni shughuli za elektroni. Protoni hazina habari.

Tena protoni ndizo zinazotoa jina. Mwingereza Moseley alionyesha mwaka 1913 ya kuwa nafasi ya elementi katika jedwali yafuata hesabu ya chaji ya kiini chake. (Miaka 2 baadaye aliuawa vitani huko Gallipoli, naye alikuwa na umri wa miaka 27. Sijui vita imetunyima mangapi namna hiyo.) Protoni 79 ni dhahabu. Protoni 80 ni zebaki. Protoni 82 ni risasi. Hata rangi ya manjano ya dhahabu yatokana na hapo: protoni 79 zavuta elektroni za ndani kwa ukali hata zaenda kasi zaidi ya nusu ya kasi ya nuru, na jambo hilo labadili jinsi elektroni za nje zinavyopokea nuru.

Basi twendeni kwenye dhahabu yenyewe, kwa kuwa nchi yetu inayo. Huko Kapoeta, katika Ekwatoria ya Mashariki, Watoposa huosha mchanga kwa karai na maji na kupata chembe zake. Na palipo dhahabu hapakosi waongo. Sokoni husikika maneno ya mtu mwenye unga wa kugeuza shaba kuwa dhahabu, au mwenye dawa ya kuipika zebaki hata iwe ya manjano. Msikilizaji aliyesoma kidogo ndiye hudanganyika upesi, kwa kuwa amesikia ya kwamba 80 na 79 zapishana kwa protoni moja tu! Ni kweli, moja tu. Lakini hiyo moja haitoki kwa mkaa, wala kwa asidi, wala kwa dawa yoyote inayotiwa katika sufuria, kwa sababu hivyo vyote hufanya kazi na elektroni.

Je, haijapata kufanyika kabisa? Imefanyika. Katika mtambo mkubwa wa CERN, karibu na Geneva, viini vya risasi vilipitishana kwa kasi iliyokaribia ya nuru, na vingine vikapoteza protoni 3 vikawa dhahabu. Wataalamu wake walitangaza mwaka 2025 ya kuwa dhahabu yote iliyopatikana hivyo kati ya mwaka 2015 na 2018 ilikuwa pikogramu 29, yaani sehemu 29 za gramu iliyogawanywa mara trilioni moja, nayo ilivunjika papo hapo. Hayo ndiyo matunda ya mtambo wenye mzunguko wa kilometa 27. Mwenye sufuria na ajipime. Uranio, kama ile iliyochimbwa Shinkolobwe huko Katanga, hubadilika yenyewe na mwishowe huwa risasi, lakini hufuata saa yake ya mamilioni ya miaka, na moto hauiharakishi.

Lakini waongo si hatari kubwa. Hatari kubwa ni zebaki ya kweli. Huko Geita katika Tanganyika ya zamani, na Migori katika Kenya, wachimbaji wengi hutia zebaki katika mchanga uliosagwa. Zebaki hushikana na dhahabu, kisha donge huchomwa, na dhahabu hubaki. Watu husema zebaki "imeungua". Haikuungua. Imekuwa mvuke usioonekana wala kunuka, na kila atomu bado ina protoni zake 80. Yaingia katika mapafu ya aliyekaa jikoni, na ya mtoto mgongoni mwake. Nyingine yashuka mtoni. Huko vijidudu vya matope huiunganisha na kaboni, ndipo yaingia katika samaki, kama ilivyojulikana kwa msiba mkuu wa Minamata, Japani, mwaka 1956. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 ilikadiria ya kuwa uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaotoa asilimia 38 hivi ya zebaki yote ambayo binadamu huimwaga hewani.

Hapa ndipo tofauti ya protoni na elektroni ionekanapo wazi. Sianidi, ambayo pia hutumika kutoa dhahabu, ni sumu ya kuua upesi, lakini ubaya wake u katika jinsi kaboni na naitrojeni zilivyoshikana, na kushikana ni kazi ya elektroni. Yaweza kuvunjwa ikawa vitu visivyodhuru. Zebaki haivunjwi. Waweza kuibadilisha nguo, iwe mvuke, iwe chumvi, iwe ndani ya samaki, na kila nguo ina ukali wake. Mwenye nguo ni yule yule.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, waalimu wetu wa kemia watuulize katika mtihani, "Kwa nini zebaki haiishi kwa kuchomwa?" badala ya kututaka tuchore vijiduara. Pili, ninyi wanafunzi wa zamani mnaofanya kazi pande za Kapoeta, semeni na watu kwa lugha yao kabla zebaki haijazoea njia ya huko; karai na maji ni salama zaidi. Na mkimkuta ambaye amekwisha kuianza na hataki kuiacha, mwonyesheni chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba, ambacho hukamata mvuke na kuupoza. Mwisho wa bomba atakuta matone yale yale aliyoyatia, yanang'aa.