Nanga ya Mvuvi wa Mpirani



Baada ya darsa ya wiki iliyopita alitujia mama mmoja, akangoja hata wenziwe walipokwisha kutoka, kisha akauliza: "Maalim, nanga ya kuvulia yafaa iwe na uzito gani?" Tulikuwa tumejiandaa kwa suala la eda au la mirathi. Kumbe mwanawe wa miaka 17 huvua katika mkono wa bahari akiwa ameketi juu ya mpira wa gurudumu la lori uliojazwa upepo, miguu majini na mshipi mkononi. Siku hizo alikuwa amejifunga kamba ya nanga kiunoni ili mikono yake iwe huru. Maji yakaanza kupwa kwa nguvu, kamba ikakaza, mpira ukainama, na maji yakamfika kidevuni. Wavuvi wa dau lililokuwa karibu ndio waliomkatia kamba.

Jawabu tulilompa twaliandika hapa, kwani twajua si yeye peke yake mwenye mwana wa namna hiyo. Nasi pia tulivua kabla hatujaota ndevu, ijapokuwa zama zetu ilikuwa mtumbwi.

Uzito si suala la kwanza. La kwanza ni kama nanga hiyo yaweza kuachwa papo hapo, kwa mkono mmoja. Mtumbwi una omo. Nanga ikifungwa omoni, chombo huuelekea mkondo na kuupasua. Mpira hauna omo. Mkondo ukiusukuma ilhali kamba imeushika kwa chini, huzamishwa upande mmoja, na aliyeketi huzama nao. Basi kamba isifungwe mwilini kabisa, wala kwenye mkono, wala kwenye mguu. Ifungwe kwenye mpira, mahali mkono unapofika, kwa fundo la kitanzi ambalo ukivuta ncha yake hufunguka lote. Mwisho wa kamba utiwe kidumu kitupu kilichozibwa, kiwe chelezo. Hatari ikija, mvuvi huvuta ncha na kwenda zake. Nanga ataifuata maji yakitulia. Wengi huchelewa kuiachilia kwa sababu ya kuihurumia, na nanga yenyewe ni chuma chakavu.

Mama akasema, "Mungu ndiye mlinzi." Tukamwambia ni kweli, na kisu kiwe kiunoni, ndani ya ala, pamoja na jaketi la kuelea.

Ama nanga yenyewe, ile ya makucha ya chuma haifai hapa, kwani ncha zake hutoboa mpira. Kwenye mchanga na tope la maji matulivu, mfuko wa wavu wenye vipande butu vya chuma, wa kilo 2 au 3, watosha. Vijana hupenda kuokota jiwe la matumbawe kwa kuwa limejaa ufuoni, lakini jiwe hilo lina vitundu na majini huwa jepesi mno, litabururwa. Na nanga isitupwe juu ya matumbawe yaliyo hai. Hunasa, na huvunja makazi ya samaki wale wale anaowatafuta.

Kamba iwe ya kuzama. Ile nyepesi inayoelea huzunguka miguu. Urefu wake uwe kama mara tatu ya kina: maji ya pima 2, kamba pima 6. Kamba fupi huvuta nanga kwenda juu na kuing'oa. Ndefu huivuta kwa ubavu, nayo ikakaa. Akishatia nanga, atazame vitu viwili vya nchi kavu vilivyopangana, mathalani mnazi na mnara wa msikiti nyuma yake. Vikianza kuachana, nanga inaburura.

Limebaki la siku, na hapa mama asiyejua kuogelea aweza kumshinda mwanawe kwa ujuzi, maadamu anafuata mwandamo wa mwezi. Bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na karibu na usiku wa kumi na tano, na aghalabu huzidi nguvu siku moja au mbili baadaye. Siku hizo, hapa Mombasa, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na yote hayo hupita kwenye mlango mwembamba wa mkono wa bahari kwa muda wa saa sita hivi. Hakuna nanga ya mpirani iliyo salama katika mkondo huo, avulie ufuoni. Akitaka mpira, asubiri maji mafu, yajayo baada ya mwezi kufika nusu, na asiende peke yake.

Mama yule ametuletea habari. Kijana amebadilisha kamba, na sasa huenda na binamu yake. Kisu bado hajanunua.