Densi ya Tumbo Mikahawani: Nasema Hapana, Lakini Msimtukane Mchezaji



Kuna jambo linazungumzwa sana pembeni, kwenye magrupu ya wanawake na saluni, lakini likifika barazani kila mtu anajifanya halijui. Leo tulizungumze.

Kuna msichana ameona tangazo la kazi ya kucheza kwenye mkahawa huko Ghuba: mshahara, malazi na chakula. Kuna dada anayeishi Ulaya, amejifunza densi ya tumbo kwenye darasa la mazoezi, na mkahawa wa Kilebanoni ulio karibu naye unatafuta mchezaji wa Ijumaa na Jumamosi usiku. Na kuna biharusi anataka mchezaji wa aina hiyo ukumbini kwake, ili shughuli isemwe mwaka mzima.

Maswali matatu, lakini kwangu jibu lake linatoka mahali pamoja. Nitasema msimamo wangu mapema ili asiyeafiki ajue anabishana na nini: kazi ya kucheza mkahawani mbele ya wanaume simshauri mwanamke wa Kiislamu aifanye. Na wale wanaomtukana anayeifanya, nao siwaafiki hata kidogo.

Ngoma hii ilitoka wapi

Wamisri wana majina mawili. Raqs baladi ni ile ya nyumbani na mtaani, mama na shangazi wanacheza harusini bila jukwaa wala vazi maalumu. Raqs sharqi ni ile ya jukwaani. Hili jina la "densi ya tumbo" lilitoka kwa Wafaransa katika karne ya 19, na huko Marekani likavuma baada ya maonesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1893. Pale palijengwa mtaa wa kuigiza Cairo, watu wakalipa kiingilio kwenda kuwatazama wanawake wakicheza. Ndiyo maana jina lenyewe linataja tumbo. Ni jina la mtu aliyekaa kwenye kiti anaangalia.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa vingine. Mwingereza mmoja, Edward Lane, aliishi Cairo na mwaka 1836 akachapisha kitabu kuhusu desturi za Wamisri. Alieleza makundi mawili. Walikuwepo awalim, wanawake wasanii walioalikwa ndani ya nyumba kuwaimbia wanawake, wanaume wakaishia kusikia sauti tu kutoka nje. Na walikuwepo ghawazi, waliocheza hadharani kwa ujira. Mwaka 1834 mtawala Muhammad Ali Pasha aliwapiga marufuku ghawazi mjini Cairo, akawapeleka kusini ya mbali, Esna na kwengineko. Waliofukuzwa walikuwa wanawake. Wanaume waliokuwa wakiwalipa walibaki majumbani mwao na heshima zao.

Kisha mwaka 1926 Badia Masabni, mwanamke mwenye asili ya Sham, alifungua ukumbi wake Cairo: meza, chakula, vinywaji, bendi na wachezaji. Kwake ndiko walikotokea Tahia Carioca na Samia Gamal, ambao baadaye walijaa kwenye filamu za Kimisri. Kumbi za namna hiyo ndizo zilizoiunganisha densi hii na meza ya chakula, na mikahawa ya leo ya Istanbul, London na Dubai ni wajukuu wake.

Hata Misri yenyewe haijawahi kutulia na jambo hili. Mchezaji hutakiwa awe na kibali, na tumbo linatakiwa lisitirike, ndiyo maana wengi wao huvaa kitambaa chembamba cha wavu. Wanaifurahia harusini, wanaisifu kwenye filamu, lakini wengi wao hawataki binti yao aifanye kazi.

Kazi yenyewe ikoje

Tuache picha za kupendeza kidogo. Mchezaji wa mkahawani huingia watu wakishakula, usiku umeshaiva. Anacheza dakika 15 au 20, anapita baina ya meza, anawainua wateja wacheze naye. Wateja wanamtunza. Kwetu kutunza tunakujua, mtu anakwenda mbele taarabuni na noti yake. Lakini kwenye mikahawa mingi huko noti inachomekwa kwenye mkanda wa kiuno au begani. Mkono wa mwanamume asiyemjua unafika mwilini mwake, na yeye anatakiwa atabasamu, kwa sababu yule ni mteja.

Akimaliza hapo anabadilisha nguo, anakimbilia mkahawa wa pili. Wengi wao hawana ajira ya kudumu, kwa hiyo hawana likizo ya ugonjwa wala ya uzazi. Goti likiuma, hakuna pesa. Akinenepa kidogo au umri ukisogea, simu haipigwi tena.

Sasa mchukue msichana wa kwetu umpeleke nchi ambayo viza yake iko mkononi mwa mwajiri. Wanaokwenda kufanya kazi za majumbani tunazijua habari zao, na hiyo ni kazi ambayo hakuna anayeiona aibu kuisema. Lebanon kuna viza maalumu ya "msanii" kwa wanawake wa kigeni wa kumbi za usiku, na watetezi wa haki za binadamu wameeleza mara nyingi jinsi pasipoti zinavyoshikwa na wenye kumbi, na wanawake kufungiwa hotelini hadi muda wa kazi. Aliyekwenda kucheza anaambiwa akae na wateja meza zao. Akikataa, atamlalamikia nani? Akiwapigia nyumbani atasema alikwenda kufanya nini?

Kwa hiyo ukiliona tangazo la kazi hiyo, mwanangu, usiangalie mshahara kwanza. Uliza viza inaandikwa kazi gani, pasipoti atakaa nayo nani, na usiku ukisema hapana nini kitatokea. Anayekukasirikia kwa maswali hayo ameshakujibu.

Sisi tunayo yetu

Wapo wanaodhani napinga kiuno. Mwanamke wa pwani apinge kiuno atakuwa amezaliwa wapi?

Sisi tumelelewa na somo na kungwi. Tuna unyago, tuna msondo. Bi Kidude, Fatma binti Baraka, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarab, lakini wanawake wa Unguja walimjua pia kwa ngoma ya msondo na kwa kuwafunda wari. Katika chumba kile mwari hufundishwa mwili wake, usafi wake, ndoa yake, na namna ya kumfurahisha mumewe na yeye mwenyewe kufurahi. Kiuno ni sehemu ya masomo.

Lakini mlango umefungwa. Wanaume hawapo, watoto hawapo, na kilichosemwa ndani hakitoki nje. Anayefundisha ni mwanamke mwenye heshima zake, anasalimiwa njiani kwa shikamoo, na ujira wake anapewa kwa adabu. Viungo ni vilevile na ngoma ni ngoma. Mkahawani mlango uko wazi, na aliyekaa na ufunguo ni mwenye biashara.

Dini inasemaje

Mimi si mufti, na kwa hukumu muulizeni ustadhat mnayemwamini. Wanazuoni hawako kauli moja. Wapo walioruhusu wanawake wacheze baina yao kwa masharti ya stara, na wapo waliochukia kila mchezo wenye kujilegeza viungo hata kama ni wanawake watupu. Lakini mwanamke kucheza kwa kujipamba mbele ya wanaume ajinabi, hapo sijamuona mwanazuoni wa kutegemewa aliyepatetea.

Turudi kwenye Suratun-Nur. Aya ya 31 inatuamrisha kuteremsha macho na kusitiri mapambo, na inafika mpaka kwenye mguu, tusiupige chini ili pambo lililofichwa lijulikane. Kama mlio wa bangili ya mguuni umezungumzwa, mkanda wa sarafu unaolia kiunoni tutauweka wapi?

Ila msisahau aya iliyotangulia, ya 30. Inaanza na wanaume. Wao ndio wa kwanza kuambiwa wateremshe macho. Basi yule baba anayempeleka mgeni wake kula na kutazama mchezaji Alhamisi, kisha Ijumaa akakaa barazani kumsema binti wa watu, aanze na aya yake.

"Lakini ni riziki"

Hili ndilo jibu zito kuliko yote, na silichezei. Kuna mwanamke ana watoto, mume kaondoka, na usiku mmoja wa kucheza unamlipia kodi. Kumwambia "acha" halafu ukafunga mlango wako si nasaha. Jamii isiyomsaidia mjane ada ya skuli haina mdomo wa kumuuliza amepataje.

Ninachosema ni kwamba kipaji hicho kina soko lenye mlango. Huko Ghuba harusi nyingi zina ukumbi wa wanawake peke yao, na simu huachwa mlangoni. Wanawake wanataka mchezaji, mwalimu, DJ wa kike, mpiga ngoma wa kike. Wanaoishi Ulaya wanatafuta darasa la mazoezi la wanawake watupu na hawalipati. Wapo wanaotaka kufundishwa kabla ya ndoa na wanaona haya kumwendea mtu asiye wa dini yao. Mwenye uwezo wa kufundisha afundishe, na mwenye mkono wa kushona ashone mavazi. Pesa pengine itachelewa kidogo, siwadanganyi. Lakini unayemchagulia nani aingie ni wewe, na ukisema leo sichezi, hakuna aliyeshika pasipoti yako.

"Ni sanaa," wengine wanasema. Ni sanaa kweli. Na sanaa haipungui kwa kuchagua watazamaji wake.

Kwenu maharusi

Biharusi wangu, furaha ya harusi si dhambi. Mtume, rehma na amani zimshukie, katika harusi moja ya Maansari aliuliza kama kulikuwa na burudani, kwa kuwa watu wale walipenda burudani. Dufu kwenye nikaha ni jambo linalojulikana. Basi usiku wa hina pigeni ngoma, chekeni, kateni viuno vyenu.

Ila usiujenge mkahawa ndani ya harusi yako. Nimeona kumbi zilizoandikwa "wanawake tu", halafu wahudumu wanaume wanapita na sinia, kaka wa biharusi ameingia kuangalia spika, na simu ziko juu. Mchezaji aliyekubali kucheza mbele ya wanawake asubuhi anajikuta kwenye simu za wanaume wa mji mzima. Umemlipa kwa usiku mmoja, klipu itaishi miaka. Huo ni kumdhulumu, na wewe pia umedhulumika kama umo kwenye klipu hiyo bila mtandio.

Ukimwalika mchezaji wa kike, fanya haya:

- Wahudumu, mpiga picha na wa spika wote wawe wanawake. Usiseme "ni mtoto tu" kwa kijana wa miaka 15.
- Simu zikusanywe kwenye kapu mlangoni, na asimame mtu mzima anayeogopwa, si msichana atakayeonewa haya.
- Mkubaliane ujira kabla, na apewe mkononi kabla hajatoka. Tumefundishwa tumlipe mfanyakazi jasho lake halijakauka.
- Tunzo apewe kwa adabu. Asirushiwe noti aziokote chini.
- Mwambie mapema vazi gani linakufaa. Hata baina ya wanawake stara ina mipaka yake.
- Bora zaidi, mwombe akufundishe wewe wiki chache kabla. Umchezee mumeo chumbani kwenu, kwa halali yenu.

Msimtukane

Namaliza na hili kwa sababu ndilo linaloniuma. Tukimwona mwanamke anayecheza mkahawani, midomo yetu ina kasi. Tunamwita majina ambayo hatumwiti aliyemlipa. Hatujui alikotoka wala anakokwenda. Tahia Carioca, aliyecheza mbele ya wakubwa wa zama zake, alifariki mwaka 1999, na miaka yake ya mwisho alikuwa amevaa hijabu. Mlango wa toba haufungwi na Mwenyezi Mungu, basi tusijifanye mabawabu wake.

Kama unaye ndugu au shoga anayefanya kazi hiyo, mwalike futari. Mtafutie mwanafunzi mmoja wa kike wa kumfundisha. Mtaje jina lako pale anapotafuta kazi nyingine. Nasaha inayokuja na mkono uliojaa husikilizwa, na inayokuja na kidole hukimbiwa.

Ewe Mola wetu, zipe riziki za halali nyumba zetu, wasitiri mabinti zetu walio mbali, na ubariki ndoa za maharusi wetu. Aamin.

Wallahu a'alam. Tuandikieni maoni yenu kwa adabu, hata mnaopinga.