Komando Yetu Haikuwa Kelele

Hivi majuzi nilikaa kwenye kikao cha waandishi hapa Nairobi, viti vya plastiki na chai ya tangawizi, na aliyekuwa akiongoza akamwomba kila mmoja ataje filamu anayoipenda lakini anaionea haya. Mmoja akataja zile za Nigeria za kulogana. Mwingine akataja telenovela za Meksiko. Zamu yangu ilipofika nikasema Commando, ile ya Arnold Schwarzenegger ya mwaka 1985, tena ile iliyosimuliwa kwa Kiswahili. Watu wakacheka. Nami nikacheka, tena kuwashinda. Nilipoketi kwenye matatu ya kurudi nyumbani nikajikasirikia, na hasira yenyewe haijaisha. Ndiyo maana naandika.

Swali lile lilikuwa mtego. Anayekuuliza unaonea haya nini ameshaamua kwamba haya ipo. Kazi yako wewe ni kukiri tu, kama mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni. Na ukikiri kwa kicheko unasamehewa. Unaruhusiwa kuipenda, mradi uonyeshe unajua kwamba ni takataka. Mimi nasema huo ni uongo, na kuna watu wanaoulipia.

Chukua simu. Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003, ikiwa na tochi kichwani na vibonye visivyoingiza vumbi. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Huku kwetu simu za aina hiyo tuliziita mulika mwizi, na hilo lilikuwa jina la mapenzi kabla halijawa la dharau. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa nyoka, ule ambao Taneli Armanto aliutengenezea Nokia 6110 mwaka 1997. Nyoka anakula, anarefuka, anajigonga mwenyewe, anakufa. Tuliucheza kwa zamu tukingoja githeri iive. Leo ukimwona mama mboga na mulika mwizi mkononi, unamhurumia. Ukimwona mkurugenzi ameiweka mezani kwenye mkahawa wa Westlands, ati anapumzisha akili na mitandao, unampongeza kwa hekima yake. Simu ni ileile. Kilichobadilika ni mkono.

Ama chukua Tetris. Alexey Pajitnov aliibuni Moscow mwaka 1984. Kwetu ilifika ndani ya kidude cha plastiki chenye skrini ya kijivu, tukakiita briki gemu, na walimu wakakinyang'anya kila walipokiona. Mwaka 2012 jumba la sanaa ya kisasa la New York, MoMA, likaiingiza Tetris kwenye hazina yake pamoja na michezo mingine 13. Sisemi jumba lilikosea. Nauliza tu, kwani sisi tulikuwa tunangoja ruhusa ya nani?

Sasa turudi kwa Komando, kwa sababu hapo ndipo panaponiuma.

Nilikulia Karagita, Naivasha, mtaa wa wafanyakazi wa mashamba ya maua. Video ya mtaa ilikuwa banda la mabati, gunia dirishani la kuzuia mwanga, mabenchi, televisheni ya inchi 14, na mlangoni unatoa shilingi 5. Baadaye mashine za DVD za bei rahisi zikafika, na kile cha bandani kikaingia nyumbani. Sisi tulikuwa na diski moja tu ya maana, imeandikwa juu kwa kalamu ya wino mzito: KOMANDO. Mama alikuwa akifika jioni mikono ikinuka dawa na majani ya waridi, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anavua viatu, anasema, "Weka huyo baba."

Huyo baba ni John Matrix, mwanajeshi mstaafu ambaye binti yake Jenny ametekwa. Ana saa 11 za kumwokoa, kabla ndege aliyolazimishwa kupanda haijatua na watekaji kugundua kwamba aliruka. Hicho ndicho kisa chote, mengine ni risasi. Kwa Kiingereza, Matrix ni mtu asiyesema mengi. Kwenye diski yetu alisema mengi sana. Msimuliaji mmoja aliwabeba wote: baba, binti, majambazi, hata abiria wa ndege. Kamera ilipotulia juu ya uso wa Schwarzenegger bila neno, yeye alijaza hapo mawazo ya mzazi asiyelala: karo, kodi ya nyumba, mtoto aliyechelewa kurudi. Adui aliongea kama karani anayekuambia urudi kesho. Mama alicheka hadi akapangusa macho kwa leso. Kisha Jenny anapiga mayowe, na Mama ananyamaza kabisa. "Huyo hakuacha mtoto," alisema siku moja. Hakuongeza neno, nami sikuuliza.

Mama aliishia darasa la nne. Kiingereza cha Matrix kingempita kama redio ya jirani. Kwa hiyo mtu asiniambie ati msimuliaji aliharibu filamu. Kwa Mama, bila msimuliaji hakukuwa na filamu.

Na kazi hii si ya kubahatisha. Kenya jina lake kubwa ni DJ Afro. Tanzania wanamkumbuka Lufufu. Uganda wasimuliaji huitwa VJ, na huko kuna mfano ambao ungetutosha. Filamu ya mwaka 2010 ya Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, Kampala, iitwayo Who Killed Captain Alex?, inatazamwa dunia nzima ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake, anashangilia, anatania, anaonya. Toleo lisilo na msimuliaji limepotea. Waliobaki kuipenda wanaipenda na sauti yake ndani, na sijaona mtu akiwaambia wajifiche.

Najua mtakachosema. Kwanza, hakimiliki: wasimuliaji wetu hawakuomba ruhusa wala kulipa. Kweli. Pili, mle ndani mna utani wa kudharau wanawake na wa kuchezea lafudhi za makabila ya watu. Kweli pia, na diski nyingine nimezizima katikati. Lakini jamani, hayo mnayosema ni uhakiki, na uhakiki ndio ninaoudai! Riwaya mbovu tunaihakiki kwa jina la mwandishi, ukurasa kwa ukurasa. Msimuliaji mbovu na msimuliaji hodari tunawaweka gunia moja, tunacheka, tunaendelea na chai. Mtu akishaonea kitu haya hawezi kukipima. Anakificha tu.

Na kilichofichwa hupotea. Nani alisimulia filamu ipi, mwaka gani, kwa Kiswahili cha mtaa gani? Waliofanya kazi ile wengi walikuwa vijana wenye maikrofoni moja na chumba cha kukodi. Diski zao leo zinaning'inia mashambani zikifukuza ndege. Wa kwetu simjui hata jina. Mwanzo wa diski ulikuwa umekwaruzika, na kama alijitaja, alijitaja hapo.

Kuna jambo ambalo sikulisema kwenye kikao. Nilipokuwa kidato cha pili nilirudi likizo kutoka shule ya bweni, nikiongea Kiingereza cha kupitia puani. Jioni Mama akaja, akavua viatu, akasema niweke huyo baba. Nikamwambia, "Mama, hiyo si filamu, ni kelele tu. Ya ukweli ni ya Kiingereza."

Akaniangalia kidogo. "Kumbe ni kelele," akasema. "Na mimi nilikuwa naielewa."

Akaenda kuangalia jiko. Hakuniomba tena, likizo hiyo wala iliyofuata. Siku hizi nyumbani kuna televisheni kubwa niliyomnunulia mwenyewe, na Mama huangalia taarifa ya habari, kisha analala.

Basi hicho ndicho ninachokionea haya, na hakikuwa kwenye swali. Nilifundishwa kuona aibu, nikaipeleka nyumbani, nikamkabidhi mtu ambaye hakuwa nayo. Kwenye kikao, nilipocheka kuwashinda wenzangu, nilikuwa nairudia sentensi ileile niliyomwambia Mama, ila safari hii kwa chai ya tangawizi.

Kwa hiyo ukiulizwa swali hilo, usicheke. Taja filamu, taja aliyeisimulia kama unamjua, sema alipoweza na alipokosea. Na kama kwenu kuna diski iliyoandikwa KOMANDO kwa kalamu, ambayo mwanzo wake haujakwaruzika, tafadhali usiitundike kwenye mahindi. Nina mtu wa kumpelekea, Karagita.