Heka Kumi Hazikufanyi Mkulima Mkubwa

Leo nitawaudhi baadhi yenu.

Hapa Ngerengere dhana inayotumaliza si ile ya kwamba kilimo ni kazi ya walioshindwa shule. Hiyo mmeshaipita, wengine mna vyeti na jembe mmeshika. Inayotumaliza ni hii: mkulima wa biashara ni mwenye heka nyingi. Kijana akipata hela ya kwanza anakimbilia kukodi heka kumi. Hela inaishia kwenye kukodi na trekta. Mbegu anachukua mahindi ya ghalani, mbolea "tutaona mbele ya safari", palizi ya pili haipo. Viwavijeshi vamizi vikiingia, mfukoni hana hata ya dawa.

Tupige hesabu. Heka kumi ukivuna gunia nne nne, una gunia 40. Mwenzako ana heka mbili, kaweka mbegu bora, mbolea ya kupandia na ya kukuzia, kapalilia kwa wakati. Mvua zikikubali akavuna gunia 20 kwa heka, naye ana 40 zile zile. Ila yeye kakodi mbili, kalima mbili, kapalilia mbili. Mkubwa nani hapo?

Gunia 20 si uchawi. Panda sentimita 75 mstari hadi mstari, 30 shina hadi shina, mbegu moja moja: heka inabeba karibu mimea 18,000. Wewe unayekadiria kwa macho, kahesabu mashina yako. Hayo mapengo nayo umeyalipia kodi.

Halafu kuna wanaodhani heka nyingi ndizo zinaleta mkopo na soko. Afisa mikopo atakuuliza msimu uliopita ulitumia kiasi gani, ukauza kwa nani, ukabaki na nini. Bila daftari utamjibu nini? Mnunuzi naye hivyo hivyo. Tangu 2024 treni ya SGR inasimama hapa kwetu, kwenda Dar kuongea naye si safari ya kutisha tena. Lakini atataka kujua gunia ngapi na lini. Heka zako hazimhusu.

Najua mtasema bwana shamba ana mshahara, kwake rahisi kusema. Sawa. Na sisemi heka kumi ni dhambi. Fikisha gunia 20 kwenye hizo mbili, misimu miwili mfululizo, halafu niite tukatafute ya tatu. Kamba ya kupimia nitakuja nayo mwenyewe.