Mfalme Alitoa Mbao, Hakubeba Mawe



Leo nataka tuongee juu ya vijana wetu walio chuo kikuu kwa ufadhili na bado wanafanya mjengo. Hapa Busia na kule Malaba wako wengi. Jumatatu yuko darasani, Jumamosi amebeba karai. Likizo ikifunguliwa, saa moja asubuhi ashafika saiti. Na kuna maneno yanayosemwa juu yao, mengine yakitoka kwa sisi tuliookoka: "Si huyu alishuhudia kwamba Mungu amemlipia shule? Sasa mbona anakoroga simiti?"

Tufungue Nehemia sura ya pili. Nehemia alikuwa na mfadhili, na mfadhili mwenyewe alikuwa mfalme Artashasta. Alipewa barua za kupita kwa watawala wa njiani. Sisi watu wa mpakani tunaelewa hapo, kwa sababu tunajua karatasi ikikosekana unarudishwa. Akapewa na barua ya Asafu, mtunzaji wa msitu wa mfalme, apate mbao. Huo ni ufadhili mkubwa. Lakini soma mpaka mwisho, hutaona mahali mfalme alikuja Yerusalemu kubeba jiwe hata moja. Mbao zilitoka kwa mfalme. Ukuta ulijengwa na mikono ya wenyeji, kwa siku 52.

Kwa hivyo mtu akipata ufadhili na bado anatoka jasho, usiseme muujiza wake ni nusu. Muujiza uko sawa. Ni wewe umekosea kuhesabu.

Tuhesabu pamoja. Kwa utaratibu wa ufadhili ulioanza 2023, mwanafunzi anawekwa kwenye kiwango kulingana na hali ya nyumbani. Hata yule wa kiwango cha chini kabisa, familia iliwekewa asilimia 5 ya karo. Asilimia 25 ikawa mkopo na 70 ufadhili. Pesa ya kujikimu kwa kiwango hicho ilikuwa shilingi 60,000 kwa mwaka, na hiyo pia ni mkopo wa HELB. Gawanya kwa miezi 12 upate 5,000. Toa kodi ya chumba, chakula, nauli, sabuni, kuchapisha kazi ya darasani. Mama unayejua bei ya unga sokoni, niambie imebaki ngapi. Na hapo sijasema juu ya pesa inayochelewa hadi muhula unakaribia kuisha.

Kijana akiona hivyo ana njia kadhaa. Anaweza kukopa kwa simu, kisha akope tena kulipa ule wa kwanza. Anaweza kuitwa usiku kuvusha mizigo kwa njia za panya, na mpakani kazi hiyo haikosi mtu wa kukuita. Au anaweza kushika sepeto. Huyu wetu ameshika sepeto. Mimi kama mchungaji sioni aibu hapo. Naona mtu anayemcha Mungu.

Paulo alisoma chini ya Gamalieli, mwalimu mkubwa wa wakati wake. Lakini alipofika Korintho alikaa na Akila na Prisila wakishona mahema, ili asimlemee mtu. Na Bwana wetu mwenyewe, watu wa kwao walimjua kama seremala. Kanisa linaloona haya kwa sababu ya mkono wenye simiti, linamwonea haya nani?

Sasa wewe kijana, nikutie moyo halafu nikuonye.

Nehemia sura ya nne inasema waliojenga na waliobeba mizigo, yaani watu wa mkono wa siku zile, walifanya kazi kwa mkono mmoja na wa pili ukashika silaha. Mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Hatari yako ni kuacha mkono mmoja. Pesa ya mjengo ina sauti kubwa kwa sababu inalipwa leo jioni. Digrii inalipa baada ya miaka minne, na wengine wanakwambia hailipi kabisa. Ndiyo unaanza kukosa kipindi kimoja, halafu viwili, halafu mtihani unakukuta kwenye jukwaa ghorofa ya pili. Kuna mama ameniandikia kwamba mwanawe anataka kuacha chuo mwaka wa tatu kwa sababu "mjengo unalipa." Mama, mwambie mjengo ulikuwepo kabla hajaingia chuo na utakuwepo akimaliza. Nafasi ile ya chuo haitamngoja hivyo.

Jiwekee mpaka. Likizo na Jumamosi, sawa. Wiki ya mtihani, karai likae chini. Ukikosa nauli wiki hiyo, njoo kwa mchungaji wako, usiende saiti.

Na usibaki mtu wa mkono miaka yote minne. Mwangalie fundi anavyopima na anavyoshika timazi. Ukishajua kazi, fanya mtihani wa ufundi wa NITA, uanze na gredi ya tatu, uwe na cheti. Siku utakayovaa joho uwe na karatasi mbili. Hakuna njaa inayopenda mtu mwenye karatasi mbili na mikono inayofanya kazi.

Nimalize na sisi wazee wa kanisa, maana wengine tunajenga ploti za kukodisha.

Ukimwandika mwanafunzi, mlipe siku hiyo hiyo. Kumbukumbu la Torati 24 inasema jua lisitue ukiwa na ujira wa maskini, na Yakobo 5 anasema ujira uliozuiwa unapiga kelele mpaka kwa Bwana wa majeshi. Usimwambie "njoo Ijumaa" na unajua Jumatatu ana mtihani. Usimlipe nusu kwa sababu ni mtoto wa kanisa. Halafu soma sura ya 22 ya kitabu hicho hicho: ukijenga nyumba mpya, weka ukingo darini mtu asianguke, damu isiwe juu ya nyumba yako. Mungu aliwaza usalama wa saiti tangu zamani. Jukwaa la mbao zilizooza na kijana asiye na kofia wala buti ni dhambi, hata kama nyumba hiyo utaitolea fungu la kumi.

Na kanisa lote. Kijana akishuhudia kwamba amepata ufadhili, tunapiga makofi na vigelegele, halafu hakuna anayeuliza analala wapi. Nehemia sura ya tano, ukuta ukiwa katikati, watu walilia kwamba wameweka rehani mashamba wapate nafaka. Nehemia hakuwaambia waombe zaidi. Alikasirika, akaita mkutano, wenye mali wakarudisha. Nyumba yako ina chumba cha nyuma ambacho hakina mtu? Una gorogoro mbili za mahindi? Kuna mwanafunzi pale Alupe, hapa hapa kwenye barabara ya Busia na Malaba, ambaye gorogoro hizo zitamweka darasani hadi mwisho wa mwezi.

Wakuu wa Tekoa walikataa kuinamisha shingo kwa kazi ile, na Biblia imeandika. Sisi tusiandikwe hivyo.

Baba, bariki mikono yenye simiti na akili zinazosoma usiku. Walinde kwenye jukwaa, wape kumaliza walichoanza. Katika jina la Yesu.

Kama unamjua kijana kama huyu, mtumie ujumbe huu, na usimtumie maneno peke yake. Amina.