Herufi Ubavuni mwa Ndege ni Heshima ya Taifa

Kila ndege ya abiria ina uraia wake. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 uliagiza kwamba ndege isajiliwe katika nchi moja tu kwa wakati mmoja, na herufi zichorwazo ubavuni ndizo ziitangazazo nchi hiyo: 5Y ni Kenya, 5H Tanzania, 5R Madagaska. Aghalabu hatuzitazami. Kumbe siku hizi zimegeuka bidhaa ya magendo.

Tutazame mfano wa shirika la Mahan la Iran, lililowekewa vikwazo na Wizara ya Fedha ya Marekani mwaka 2011. Sheria za Marekani huzuia Iran kuuziwa bila kibali ndege ambayo asilimia 10 au zaidi ya thamani yake ni ya vifaa vya Kimarekani. Hata Airbus za Ulaya zimo katika marufuku hiyo. Mlango wa mbele umefungwa. Umebaki wa uani, na mlango huo hupitia Afrika.

Desemba 2022, Airbus A340 nne zilizokuwa zimeegeshwa Johannesburg ziliruka kwa usajili wa Burkina Faso. Ilisemekana zaenda Uzbekistan, zikatua Iran. Mwaka 2024, A340 mbili zilizohusishwa na kampuni ya Gambia ziliondoka Lithuania kana kwamba zaelekea Asia. Nazo zikaishia Iran. Julai 2025 ikawa zamu ya Boeing 777 tano zenye herufi za Madagaska, jambo lililozua uchunguzi Antananarivo.

Mbinu ni ile ile. Kampuni isiyojulikana hununua ndege kuukuu, huomba usajili penye ukaguzi hafifu, huandikisha safari ya kawaida, kisha ndege hubadili njia ikiwa angani.

Yatuhusu nini sisi wa Bonde la Ufa? Yatuhusu sana. Katika mtaa wa Kihoto, Naivasha, wako wanaopata riziki katika mashamba ya maua, na maua hayo hufika Ulaya kwa ndege. Kenya ilipata daraja la kwanza la usalama wa anga la Marekani mwaka 2017, na safari za moja kwa moja hadi New York zikaanza Oktoba 2018. Imani iliyojengwa kwa miaka mingi yaweza kubomolewa na muhuri mmoja uliogongwa ovyo.

Wako watakaosema kwamba vikwazo humwumiza msafiri wa Iran asiye na hatia. Hoja hiyo ina uzito, na mahali pake ni katika meza ya mazungumzo ya mataifa. Lakini hila haimwokoi msafiri huyo: ndege iliyopatikana kwa njia ya panya bado hunyimwa vipuri halali na huduma ya kiwanda kilichoiunda.

Basi kila msajili wa ndege barani na aulize kabla ya kugonga muhuri: mwenye mali halisi ni nani, fedha zatoka wapi, na ndege itahudumu njia zipi? Jina jema hung'ara gizani. Lisikodishwe kwa bei ya ada ya usajili.